Saa 300: Kitabu Kwanza au Maswali Kwanza?

MKUFUNZI: Anayeanza na maswali kabla ya kitabu anapaka rangi ukuta usiopigwa lipu. Ngazi ya kwanza ya CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ina mada 10, na zote zinaingia siku moja: maswali 180, vipindi viwili, kila kipindi maswali 90 kwa dakika 135. Gawanya, utapata dakika moja na nusu kwa swali. Hakuna anayeweza kulifikiria jambo kwa mara ya kwanza ndani ya muda huo. Lazima aingie akiwa amelielewa, na halieleweki mpaka mtu akae chini asome.

MRUDIAJI: Huyo aliyesoma kwanza unamjua, mwalimu. Ni mimi. Miezi mitano, juzuu zote, kalamu tatu za rangi: njano kwa fasili, kijani kwa fomula, waridi kwa "hii lazima itoke". Mwishoni vitabu vilikuwa vinang'aa kama khanga mpya. Nikaingia kwenye mtihani, swali la nne tu, nikaukumbuka ukurasa wenyewe: upande wa kushoto, chini, kijani. Fomula haikuja. Na CFA hawakupi karatasi ya fomula, unabeba kichwani. Mimi kichwani nilikuwa nimebeba rangi.

MKUFUNZI: Hilo ni kosa la kalamu za rangi. Kusoma hakukukosea.

MRUDIAJI: Ndivyo tunavyosoma wengi, lakini. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujisomea na kuzipanga kwa manufaa. Mbili ndizo zilizopata daraja la juu: kujipima, na kutawanya masomo kwa siku nyingi badala ya kuyarundika. Kupigia mistari, kurudia kusoma na kuandika muhtasari ziliangukia daraja la chini. Yaani kila nilichofanya miezi mitano.

Na kuna jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, la mwaka 2006. Wanafunzi walipewa vifungu viwili. Kimoja walikisoma, kisha wakakisoma tena. Kingine walikisoma mara moja, karatasi ikaondolewa, wakaambiwa waandike wanachokumbuka. Kwa waliopimwa baada ya dakika 5, kifungu kilichosomwa mara mbili kilikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja, mambo yalikuwa yamegeuka: 42 kwa 56. Mtihani wetu haufanyiki dakika 5 baada ya kufunga kitabu.

MKUFUNZI: Rudia sentensi yako. "Walikisoma mara moja." Vifungu vyote viwili vilisomwa kwanza. Hakuna aliyepimwa kwa kitu asichowahi kukiona. Shahidi uliyemleta mahakamani ni wangu.

MRUDIAJI: Walisoma dakika 7, mwalimu. Ratiba uliyobandika ukutani inasema wiki 16 za kusoma, wiki 4 za maswali.

MKUFUNZI: Dakika 7 kwa sababu kifungu kimoja kilihusu jua na kingine fisi maji wa baharini. Fisi maji hana mizania. Hana kodi iliyoahirishwa. Kuna vitu unavisoma ukavikumbuka, na kuna vitu unavisoma ukalazimika kuvijenga upya kichwani, tofali kwa tofali.

Chukua mhasibu wa hapa Dar, CPA yake mkononi, miaka sita kazini. Tanzania tunafuata IFRS, kanuni za kimataifa za uhasibu, na IFRS hairuhusu LIFO, ile njia ya kuhesabu kwamba bidhaa iliyoingia ghalani mwisho ndiyo iliyouzwa kwanza. Hajawahi kuigusa. Kanuni za Marekani zinairuhusu, na mtihani wa CFA unauliza pande zote mbili. Mpe maswali siku ya kwanza: kwa mazoea yake atapata mengi ya uhasibu, ataamini mada imeisha, atasonga mbele. Kumbe bei zikipanda, LIFO inaongeza gharama ya mauzo, inashusha faida, inapunguza kodi, na inaacha kwenye mizania mali yenye bei za zamani. Mambo manne yameshikana mikono. Swali litamwonyesha moja.

MRUDIAJI: Huyo mhasibu wako ndiye hasa anayeiruka sura ya uhasibu. Anafungua, anaona mizania, anasema "hii nailalia na kuiamkia," anafunua mbele. Kitabu kinamruhusu. Swali halimruhusu. Atalikosa, ataumia, atarudi kutafuta LIFO ni mnyama gani. Na akirudi, anasoma akiwa na njaa.

MKUFUNZI: Au atarudi kusoma jibu moja, akakremu, akaondoka.

Ubishi huu si wa madarasani Dar es Salaam peke yake. Julai 2021, waliofaulu ngazi ya kwanza duniani kote walikuwa asilimia 22 tu. Februari 2024 walikuwa 44. Mtihani wa kwanza kabisa, mwaka 1963, ulifanywa na watu 284. Leo unafanywa kwenye kompyuta mara kadhaa kwa mwaka, na kila matokeo yakitoka kambi zote mbili zinaokota namba ileile na kuitumia kama rungu. Ile 22 ilikuja baada ya mitihani kuahirishwa kwa ajili ya UVIKO. Wa kitabu wakasema watu walikaa muda mrefu wakasahau walichokisoma. Wa maswali wakasema ndiyo hivyo hasa, walichokuwa nacho kilikuwa cha kusahaulika.

MRUDIAJI: Acha takwimu, tushike kikokotoo. Kwenye chumba cha mtihani vinaruhusiwa vya aina mbili tu, Texas Instruments BA II Plus na HP 12C. Wengi wetu tunabeba cha kwanza. Kikitoka dukani, bonyeza 2 jumlisha 3 mara 4. Kinakujibu 20. Shule ya msingi tulifundishwa 14. Hakijaharibika, kimepangwa kufuata mfuatano wa vidole vyako. Lazima uingie kwenye mpangilio, utafute neno Chn, uligeuze kuwa AOS. Kitabu kizima cha hatifungani hakikuonyi juu ya hilo.

Halafu kuna herufi tatu ndogo, BGN, zinazokaa juu ya kioo kama chawa. Maana yake malipo yanahesabiwa mwanzoni mwa kipindi, kama kodi ya nyumba. Umefanya swali la pango, umesahau kuzizima. Linafuata swali la hatifungani: thamani 1,000, kuponi asilimia 8 kwa mwaka, miaka 5, riba ya soko asilimia 10. Jibu ni 924.18. Kikokotoo chako kinakupa 954.51, na mtunzi wa mtihani si mtoto mdogo, anaweza kuiweka 954.51 pale kwenye A, B au C ikungoje. Unaichagua kwa furaha. Mimi niliichagua kwa furaha kwenye mtihani wa majaribio, na tangu siku hiyo nikishika kikokotoo jicho linakwenda juu ya kioo kabla ya kidole. Nitajie ukurasa ambao ungenifundisha hilo.

MKUFUNZI: Hakuna. Nakubali. Hayo ni mazoea ya mkono, na mkono haufundishwi kwa kusoma. Lakini umechagua mfano wenye namba. Maswali mengi ya ngazi ya kwanza hayana namba hata moja.

MWAJIRI: Hapo naomba niingie. Mwaka juzi nilimhoji kijana aliyefaulu ngazi ya kwanza mara ya kwanza tu, anasema alimaliza maswali elfu tatu. Nikamuuliza, bila kalamu: serikali imeuza hatifungani ya miaka 20, sasa riba sokoni imepanda, waliokwisha kununua wamepata au wamepoteza?

Akaniomba kikokotoo.

MKUFUNZI: Asante.

MWAJIRI: Usinishukuru bado, mwalimu. Na wewe nina la kukuuliza. CFA Institute wenyewe wanashauri kama saa 300 kwa ngazi moja. Mtu wangu anatoka kazini Posta saa 12 jioni, anashuka Kimara saa 2 usiku kama basi la mwendokasi limekubali. Ale, amuulize mtoto habari za shule, akae mezani saa 4 mpaka saa 6. Siku nne za wiki, jumla saa 8. Jumamosi anaongeza 4. Ni saa 12 kwa wiki, wiki 25, bila kuugua, bila msiba, bila kufunga mahesabu ya mwaka. Mtu huyo saa 5 usiku, umpe ukurasa wa 40 wa uchumi, atausoma wote na hatausoma. Nimewaona. Macho yanatembea, kichwa kimelala.

MRUDIAJI: Swali linakuamsha. Huwezi kulijibu ukiwa umelala.

MKUFUNZI: Unaweza. Kuna machaguo matatu na kukosea hakupunguzi alama. Aliyelala anapata moja kati ya tatu, kisha anajisifu asubuhi kwamba jana amepiga maswali 60.

MRUDIAJI: Inategemea anavyoyafanya. Nani anajipima kwa kuangalia A, B, C tu? Mimi nafunika machaguo kwa karatasi, naandika jibu langu, ndipo nafunua. Nikikosa, naandika kwenye kadi kwa nini nilikosa, kwa maneno yangu: "nilisahau gharama ya uchakavu si pesa inayotoka". Kadi zina visanduku. Mjerumani mmoja, Sebastian Leitner, alieleza utaratibu huo mwaka 1972: ukiipata, kadi inahamia kisanduku cha mbele, utaiona baada ya siku nyingi, ukiikosa, inarudi cha kwanza, utaiona kesho. Thelathini zinakaa mkononi na mpira mmoja wa kufungia noti. Kimara mpaka Posta ukiwa umesimama, kitabu hakifunguki. Kadi inafunguka.

MKUFUNZI: Kadi za sura ipi?

MRUDIAJI: Zote, zimechanganywa.

MKUFUNZI: Wiki ya kwanza?

MRUDIAJI: Wiki ya kwanza, mwalimu. Hapa ndipo tunapotofautiana kweli. Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida, mwaka 2007, walifundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo wasiyoyazoea. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa mafungu, aina moja mpaka iishe ndipo nyingine. Kundi la pili lilichanganyiwa. Kwenye mazoezi, wa mafungu waling'ara: asilimia 89 kwa 60. Wiki moja baadaye wakapimwa wote. Wa mafungu, 20. Waliochanganyiwa, 63. Darasani kwako tunafanya maswali 40 ya hatifungani baada ya sura ya hatifungani. Kila mtu anajua jibu linatumia fomula ya hatifungani, kwa sababu ni Jumanne ya hatifungani. Siku ya mtihani hakuna Jumanne.

MKUFUNZI: Hao nao walifundishwa kila umbo kabla ya kufanya swali, usisahau. Ila namba hizo nazijua. Ngoja niseme jambo ambalo wakufunzi huwa hatulisemi. Ile 60 ya kwenye mazoezi unajua inafananaje darasani? Inafanana na watu kuinamisha vichwa. Nikiwachanganyia mada wiki ya tatu, wakapata 11 kati ya 30, Jumamosi inayofuata nusu ya viti iko wazi. Wamekwenda kwa jirani anayewapa madesa na kuwaambia wanakwenda vizuri.

MWAJIRI: Kwa hiyo ratiba ya ukutani ni ya kuwafaulisha au ya kuwabakiza?

MKUFUNZI: Aliyeondoka wiki ya tatu hafaulu, bosi.

MWAJIRI: Hujajibu.

MKUFUNZI: Nimejibu nusu, kwa sababu nusu ndiyo ninayoijua. Mtu amelipa ada kubwa, tena kwa dola. Anaruhusiwa kujaribu mara 2 kwa mwaka, na mara 6 tu kwa ngazi moja maisha yake yote. Amewaambia nyumbani. Amewaambia ofisini, pengine kwako. Mtu wa namna hiyo ukimvunja moyo mwezi wa kwanza hurudi kwenye mbinu aliyoizoea tangu sekondari, anapiga msuli wiki tatu za mwisho kwa kukesha na kahawa. Jaribio la Florida lilikuwa na wanafunzi wa chuo na maumbo ya kufikirika. Hakuna aliyekuwa anadaiwa pesa ya shule ya mtoto.

Hapo Mrudiaji alinyamaza kidogo, jambo lisilo la kawaida yake.

MKUFUNZI: Sasa twende kwenye maadili, ambako maswali yako yatakukwamisha. Ni asilimia 15 hadi 20 ya ngazi ya kwanza. Kati ya maswali 180 hayo ni 27 mpaka 36, hakuna mada nyingine yenye uzito huo. Hakuna fomula, na kila mtu anadhani anayajua kwa sababu alilelewa vizuri. Swali: mteja amefurahia kazi ya meneja wa fedha zake mwaka uliopita, anamlipia safari ya Zanzibar na familia. Apokee?

MRUDIAJI: Apokee, lakini amjulishe mwajiri wake. Ni mteja, na anashukuru kwa kazi iliyokwisha.

MKUFUNZI: Safari ileile, sasa inalipwa na kampuni ambayo mchambuzi anaandika ripoti kuhusu hisa zake.

MRUDIAJI: Akatae. Hiyo inanunua ripoti.

MKUFUNZI: Na sheria ya nchi anayofanyia kazi haikatazi?

MRUDIAJI: Afuate iliyo kali zaidi. Kama kanuni za CFA ni kali kuliko sheria ya nchi, kanuni ndizo zinazomfunga.

MKUFUNZI: Vizuri. Sasa niambie umelijua hilo kwa maswali.

MRUDIAJI: Kwa maswali. Mara ya kwanza nilisema akatae zote mbili, maana nilidhani maadili ni kukataa kila kitu. Nikakosa. Mara ya pili nikasema apokee zote, kwetu zawadi haikataliwi. Nikakosa. Ndipo nikaenda kusoma kanuni yenyewe, mstari kwa mstari, nikaona kinachoulizwa si zawadi. Ni nani anayetoa na anataka nini kesho.

MKUFUNZI: Ulisoma, basi.

MRUDIAJI: Nilisoma kurasa tatu nilizozihitaji. Ungenipa zote kwanza, hizo tatu ningezipaka njano.

MWAJIRI: Mimi bado nina yule kijana wangu wa kikokotoo. Maswali elfu tatu, na hakujua kama mwenye hatifungani amepoteza.

MRUDIAJI: Huyo alikuwa anahesabu maswali, kama anayehesabu rakaa bila kujua anasali nini. Niulize mimi.

MKUFUNZI: Nitakuuliza, tena bila namba. Hatifungani mbili, zote za miaka 10, mtoaji mmoja, mapato mamoja mpaka siku ya kuiva. Moja inalipa kuponi kubwa, nyingine ndogo. Riba ya soko ikipanda, ipi inashuka bei zaidi kwa asilimia?

MRUDIAJI: Ya kuponi ndogo.

MKUFUNZI: Kwa nini? Na usinitajie fomula.

MRUDIAJI: Kwa sababu ya kuponi kubwa inakurudishia pesa njiani, mwaka hadi mwaka, na pesa hizo unaziweka upya kwa riba mpya iliyopanda. Ya kuponi ndogo, sehemu kubwa ya pesa yako imefungiwa mwishoni kabisa, mwaka wa 10. Pesa iliyo mbali ndiyo inayoumizwa zaidi na riba.

MKUFUNZI: Hiyo uliikosa mara ngapi?

MRUDIAJI: Mara mbili.

MKUFUNZI: Ungesoma sura ya muda wa wastani wa malipo kabla, usingeikosa hata mara moja.

MRUDIAJI: Niliisoma, mwalimu. Mwaka ule wa rangi. Ilikuwa waridi.

MWAJIRI: Na betri ya kikokotoo umebadilisha lini?

Mrudiaji akafungua mkoba. Mkufunzi naye, bila kuulizwa, akaanza kupapasa mfuko wa shati.